Historia ya Kuuguza Wasiopona: Mgonjwa wa Ini na Sisi Jamaa Zake



Tunamshukuru Allah (s.w.) aliyetupa uhai na afya, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wapenzi, leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi hulipitia kimya kimya, nalo ni kumuuguza mgonjwa wa ini ambaye madaktari wamekwishasema hatapona. Tumeliandika kwa njia ya historia, kwa sababu tumegundua kuwa wengi wetu tunadhani uuguzi wa namna hii ni jambo geni lililoletwa na wazungu, au tunadhani haupo kabisa. Yote mawili si kweli.

Yaliyotokea mtaani kwetu

Hapa Hai Amarat tulikuwa na mzee wetu mmoja, mtu wa msikitini, aliyefundisha watoto Qur'ani kwa miaka mingi. Hakupata hata siku moja kuonja pombe. Alianza kukonda, macho yakageuka manjano, kisha tumbo likajaa maji mpaka akawa hawezi kuinama kwenye rukuu. Alipelekwa hospitali moja, akapimwa, na jamaa zake wakaambiwa maneno mawili tu: mrudisheni nyumbani.

Wakamrudisha. Hakuna aliyewaeleza wafanye nini wakifika huko. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba ini haliharibiki bure, lazima mzee alikuwa akinywa kwa siri. Familia ikaona aibu, ikafunga mlango. Wageni wakapungua. Mzee akalala wiki kadhaa akiumwa usiku kucha, dawa yake ikiwa vidonge vya dukani. Alipofariki tulijaa wote kwenye maziko, tukachimba kaburi na tukapika chakula cha matanga. Lakini tulipokaa baadaye tukajiuliza: watu wote hawa walikuwa wapi alipokuwa hai?

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Kwanza, tuiondoe dhana ya pombe

Ni kweli pombe huharibu ini. Lakini katika nchi zetu hizi sababu kubwa ni nyingine, na historia yake inajulikana vizuri.

Ya kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Dalili ya virusi hivi katika damu iligunduliwa na Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake katika miaka ya 1960, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mtu huweza kuambukizwa akiwa mtoto mchanga kutoka kwa mama yake, au utotoni, akaishi miaka 30 au 40 bila kujua, kisha ini likaota makovu na kusinyaa, au likafanya saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivi. Kwa jirani zetu wa Uganda, uchunguzi uliofanyika mwaka 2004 hadi 2005 ulionyesha kuwa mtu mzima mmoja katika kila kumi alikuwa navyo, na katika mikoa ya kaskazini, iliyo karibu na mpaka wetu, ilikuwa karibu mmoja katika kila watano. Chanjo yake imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uganda iliwapa watoto wachanga kuanzia mwaka 2002, na Sudan Kusini iliiingiza mwaka 2014 ndani ya ile sindano inayokinga maradhi matano kwa pamoja. Kwa hiyo watu wazima tulio wengi tulizaliwa kabla chanjo haijatufikia.

Ya pili ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Wataalamu waliitambua baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa karanga zenye ukungu. Nchini Kenya mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Hao walikufa kwa wingi wa sumu kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na hatari huzidi sana akiwa pia na virusi vya aina ya B.

Ya tatu ni kichocho cha tumbo. Mdudu wa kichocho aligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari wa Kijerumani Theodor Bilharz. Mayai ya mdudu huyo hukwama kwenye mishipa ya ini na kuifunga, mpaka siku moja mgonjwa hutapika damu nyingi. Watu wanaoishi kando ya Nile na Ziwa Albert wanaujua ugonjwa huu vizuri.

Basi ndugu msomaji, ukimwona mwenzako ana macho manjano na tumbo limejaa, usikimbilie kumdhania vibaya. Dhana mbaya ni dhambi peke yake, na kwa mgonjwa huyu inaongeza madhara ya pili: inamfukuzia watu wakati anapowahitaji zaidi.

Hema la Rufayda

Sasa tuje kwenye historia ya uuguzi wenyewe. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627 Miladia), Sahaba mkubwa Sa'd bin Mu'adh (r.a.), kiongozi wa kabila la Aws, alipigwa mshale mkononi ukakata mshipa. Mtume (s.a.w.) aliamuru awekwe kwenye hema ndani ya msikiti wa Madina ili aweze kumtembelea kwa karibu. Wapokezi wa sira wanamtaja Rufayda al-Aslamiyya (r.a.), mwanamke aliyekuwa akiuguza majeruhi, kuwa ndiye aliyekuwa na hema hilo.

Sa'd hakupona. Jeraha lilifumuka tena akafariki. Na hapa ndipo penye fundisho letu. Hakuachwa pembezoni eti kwa kuwa jeraha lake lilikuwa baya. Aliwekwa katikati ya watu, mahali wanaposali, na mbora wa viumbe akawa anakwenda kumwona. Tunapomficha mgonjwa chumba cha nyuma kwa kuogopa maneno ya watu, tunafanya kinyume cha yale yaliyofanywa Madina.

Mahospitali ya wakfu

Baadaye Waislamu walijenga mahospitali makubwa yaliyoitwa bimaristani. Nuruddin Zangi alijenga la Damascus mwaka 1154. Sultani Qalawun alijenga la Cairo, lililokamilika mwaka 1284. Hati ya wakfu ya hospitali hiyo ya Cairo iliwafungulia mlango matajiri na maskini, wanaume na wanawake, wenyeji na wageni. Gharama zililipwa na mapato ya maduka na mali nyingine zilizowekwa wakfu.

Waganga wa zama hizo waliyafahamu maradhi ya ini, umanjano na kujaa maji tumboni. Vilevile walijua kutuliza maumivu. Ibn Sina (aliyefariki mwaka 1037) aliitaja afyuni katika kitabu chake cha al-Qanun miongoni mwa dawa zenye nguvu za kuondoa maumivu, na akahadharisha juu ya madhara yake. Tutairudia nukta hii, kwani mpaka leo wapo wagonjwa wa Kiislamu wanaokataa dawa ya maumivu kwa kuidhania kuwa ni ulevi.

Kutoka London hadi Kampala

Katika karne ya 20 hospitali zilipata mashine na dawa za ajabu, lakini yule asiyepona akaanza kusahauliwa. Mwingereza Cicely Saunders, aliyekuwa nesi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa si ya mwili tu, kuna ya moyo, ya familia na ya roho, na yote yanahitaji kuhudumiwa pamoja. Uuguzi huu ndio ambao wataalamu wa Tanzania huuita tiba shufaa.

Afrika haikuchelewa sana. Hospisi ilianzishwa mwaka 1979 katika mji ambao leo ni Harare. Nairobi Hospice ikaanza mwaka 1990. Mmoja wa madaktari wake wa mwanzo alikuwa Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, Malaysia na Singapore. Mwaka 1993 alikwenda Kampala na kuanzisha Hospice Africa Uganda, akiwa na timu ndogo na fedha za kutosha miezi mitatu tu. Walianzia kwenye nyumba ndogo waliyoazimwa na hospitali ya Nsambya. Baadaye wakapata makao Makindye, na mwaka 1998 wakafungua matawi Mbarara na Hoima.

Kilichobadilisha mambo ni chupa ya plastiki. Merriman alikuja na njia rahisi aliyoitumia Singapore: unga wa mofini unachanganywa na maji na dawa ya kuuzuia usiharibike, unatiwa rangi kutofautisha nguvu yake, na mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Hakuna sindano wala haja ya kulazwa. Dawa hii ni ya bei ndogo, na Serikali ya Uganda ilikubali kuwapa wagonjwa bure.

Lakini dawa bila mwandikaji haifiki kijijini. Madaktari walikuwa wachache, na sheria iliwaruhusu wao tu. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake, ikawaruhusu manesi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini ya kunywa. Mwaka huohuo ikaundwa jumuiya ya tiba shufaa ya Afrika nzima, ambayo makao yake yako Kampala. Na mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani likapitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziingize uuguzi huu katika huduma zao za kawaida.

Upande wa kaskazini, karibu na mwaka 2010, Dkt. Nahla Gafer na wenzake walianzisha huduma kama hiyo katika hospitali ya saratani ya Khartoum. Wengi wetu hapa Juba tulikuwa na jamaa waliotibiwa Khartoum, tukiwa bado nchi moja mpaka Julai 2011. Vita vilivyozuka huko Aprili 2023 viliharibu sana huduma hizo na kuifunga njia hiyo kwa wagonjwa wetu.

Na sisi wa Juba?

Kwa familia nyingi za hapa, njia iliyobaki ni ya kusini: lami ya kilomita 192 hadi Nimule, kisha Gulu, kisha Kampala. Tunauza mbuzi, tunauza kiwanja, tunachangishana msikitini, tunampakia mgonjwa kwenye basi.

Hatusemi watu wasisafiri. Ugonjwa ukiwa bado mapema, safari inaweza kuokoa maisha, kwani homa ya ini aina ya B ina vidonge vya kuidhibiti na kichocho kina dawa. Lakini ini likishafika mwisho, mara nyingi safari humchosha mgonjwa, humaliza mali ya watoto, na wengine hufia njiani mbali na watu wao. Basi kabla ya kuuza kiwanja, muulizeni daktari kwa uwazi: safari hii itamponya, itamwongezea nafuu, au haitabadilisha kitu? Mkijibiwa kuwa haitabadilisha kitu, hilo si tangazo la kukata tamaa. Ombeni mafundisho na dawa za kumuuguza nyumbani, na fedha ile imhudumie hapahapa.

Mambo ambayo familia inaweza kuyafanya

Haya tumeyakusanya kutokana na mafundisho ya kawaida ya tiba shufaa. Hayachukui nafasi ya tabibu wenu.

1. Tumbo kujaa maji. Punguzeni chumvi kwenye chakula. Daktari anaweza kutoa vidonge vya kukojoza maji, au kuyatoa kwa sindano maalumu mgonjwa apate pumzi. Mlazeni akiwa ameinuliwa kwa mito.

2. Maumivu. Msimpe dawa za dukani ovyo. Diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwake, huweza kumtoa damu na kuua figo. Panadoli nayo iwe kwa kipimo kidogo atakachotaja tabibu. Mofini inaweza kutumika kwa ini bovu, lakini huanzwa kwa dozi ndogo na kwa nafasi ndefu zaidi, kwa kuwa ini haliwezi kuisafisha haraka.

3. Choo. Hili wengi hawalijui. Mgonjwa wa ini akifunga choo, sumu humpanda kichwani. Mofini nayo hufunga choo. Kwa hiyo anayepewa mofini lazima apewe pamoja na dawa ya kulainisha choo.

4. Kuchanganyikiwa. Akianza kulala mchana na kukesha usiku, akasahau majina ya watoto wake au akatukana, msiseme amepagawa na jini wala amekosa adabu. Ni ini. Mwambieni tabibu mapema, kwani kuna dawa. Zungumzeni naye polepole, na kwenye mambo ya wasia msingoje mpaka hali hiyo.

5. Kuwashwa. Maji ya uvuguvugu, mafuta ya kulainisha ngozi, nguo nyepesi za pamba na kucha fupi humsaidia.

6. Chakula. Mpeni kidogo kidogo mara nyingi. Msimnyime maharage, samaki au mayai kwa kudhani yanaumiza ini, anahitaji nguvu. Dawa za miti shamba zisizojulikana ziepukwe, baadhi yake huliua ini lililobaki.

7. Kutapika damu. Akitapika damu au akapata choo cheusi kama lami, hiyo ni dharura. Ikiwa mlishakubaliana kuwa hatapelekwa tena hospitali, wekeni karibu taulo za rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva, ili wingi wa damu usimtishe yeye na watoto.

8. Kujikinga. Homa ya ini aina ya B haiambukizi kwa kula sahani moja, kupeana mikono wala kukaa pamoja. Huambukiza kwa damu, kwa tendo la ndoa na kwa mama kumzaa mtoto. Msichangie nyembe. Anayefua damu au anayeosha maiti avae glavu. Watu wa nyumba nzima wapimwe, na wasio navyo wachanjwe.

Swala, saumu na dawa ya maumivu

Dini yetu ni nyepesi. Mgonjwa husali amekaa, akishindwa husali amelala, na asiyeweza kutumia maji hutayammamu. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona halazimiki kufunga Ramadhani, na anayeweza hulisha maskini kwa kila siku. Tumewaona wazee wakilia kwa kukosa saumu. Watulizwe, waambiwe kwamba kuipokea ruhusa ya Allah (s.w.) nako ni utiifu.

Ama kuhusu mofini, maulamaa wengi wa zama hizi wameruhusu itumike kwa dharura ya maumivu, kwa kipimo cha tabibu. Anayekunywa dozi yake ya maumivu halewi, bali hupata utulivu wa kuweza kusali, kuwausia watoto na kuomba msamaha. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake, lakini asiache maumivu yamchukue mgonjwa akili katika siku anazohitaji zaidi kumkumbuka Mola wake. Na saa ikifika, akae mtu mpole wa kumkumbusha shahada taratibu, bila kumkaripia.

Pendekezo letu

Waislamu wa Cairo mwaka 1284 walihudumia wagonjwa kwa mapato ya maduka. Sisi wa Hai Amarat hatuna uwezo wa kujenga bimaristani, lakini tunao uwezo wa kuweka sanduku dogo msikitini kwa ajili ya mito, glavu, sabuni na nauli ya nesi. Tunao kina mama wanaoweza kupokezana zamu za usiku, na vijana wenye bodaboda wa kuifuata dawa. Wanafunzi wetu wanaosomea uuguzi na udaktari, hapa na Uganda, tunawaomba waisomee tiba shufaa, kwani fundisho la miaka ile ya Kampala ni kwamba nesi mmoja aliyefunzwa anaweza kufika nyumba ambazo daktari hafiki.

Mzee wetu yule amekwishatangulia. Tunamwombea Allah (s.w.) amrehemu, amsamehe, na atusamehe sisi tulionong'ona na tuliokaa mbali. Atakayeugua baada yake katika mtaa huu asiukute mlango wetu umefungwa.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na utujaalie mwisho mwema. Aamin.

Wabillahi tawfiq.